Mzamivu na Mshika Kamba

Ukisema mtaani kwetu kwamba fulani ni daktari, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Zahanati yake iko wapi?" Ukieleza kwamba huyu si daktari wa sindano bali ni daktari wa vitabu, watu watakutazama kidogo, kisha watasema, "Aa, basi kasoma sana huyo." Mazungumzo yanaishia hapo. Hakuna anayeuliza alisoma vipi, alikula nini miaka yote hiyo, nani alizisoma kurasa zake zilipokuwa bado mbichi, na nani alimzuia siku alipotaka kuacha. Tunamwona mtu akiwa amekwisha kuvaa joho. Alikopita hatukuoni.

Ndugu msomaji, Kiswahili chenyewe kimetupa neno la kutuamsha. Shahada hii ya juu tunaiita uzamivu. Na mzamivu ni mpiga mbizi, yule anayezama kilindini kutafuta lulu. Huko Bahrain na bandari nyingine za Ghuba, karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mpiga mbizi alishuka na jiwe mguuni ili limpeleke chini upesi. Juu chomboni alikuwako mtu wa pili, kamba mkononi. Pumzi ikimwishia mzamivu, aliitikisa kamba, na yule wa juu akamvuta. Baadhi ya wazamivu hao walikuwa watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Lulu ilipofika sokoni, hakuna aliyeuliza jina la mzamivu, sembuse jina la mshika kamba.

Historia ya udaktari wa vitabu nayo tumesimuliwa hivyo hivyo. Tunatajiwa wazamivu na lulu zao. Mimi nataka kusimulia habari za kamba: nani aliishika, nani aliikata, na nani alilazimika kuisokota mwenyewe. Mimi ni mtu wa kidato cha sita, joho naliona kwa macho tu, lakini nadhani habari hizi zinatuhusu sana sisi tunaojaribu kuandika. Tasnifu ni kitabu kirefu kinachoandikwa na mtu mmoja ambaye hana hakika kama kitakwisha. Riwaya je, si hivyo hivyo?

FUNDI NA MWANAGENZI

Kabla ya vyuo vikuu kufika kwetu, pwani ilikuwa na njia yake ya kumpata mwanachuoni. Lamu, Mombasa na Unguja, kijana alikaa darsani mbele ya shehe, wakakisoma kitabu mstari kwa mstari. Hakukuwa na kukimbia. Shehe akiridhika, alimpa mwanafunzi ijaza, yaani idhini ya kukifundisha kitabu kile. Na ndani ya ijaza yaliandikwa majina: shehe aliyemsomesha, na shehe aliyemsomesha shehe wake, mpaka juu kabisa. Ijaza haikumtaja mzamivu peke yake. Kamba yote ilikuwamo.

Ulaya ya zamani nayo ilianza mahali pa namna hiyo. Neno daktari asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mwalimu. Aliyepewa cheo hicho alikuwa amekubaliwa na mafundi kuwa naye sasa ni fundi. Lakini wazo la kwamba mwanafunzi huyo lazima alete jambo jipya, jambo ambalo hata mwalimu wake halijui, lilikomaa Ujerumani katika karne ya 19. Chuo Kikuu cha Berlin kilifunguliwa mwaka 1810 kwa mpango wa Wilhelm von Humboldt. Yeye alishikilia kwamba chuoni mwalimu hayupo kwa ajili ya mwanafunzi tu, wala mwanafunzi kwa ajili ya mwalimu. Wote wawili wapo kwa ajili ya elimu.

Maneno matamu, lakini vitendo je? Vitendo vilionekana katika sehemu mbili, semina na maabara. Leopold von Ranke, mwanahistoria aliyekwenda kufundisha Berlin mwaka 1825, alikuwa akiwakusanya vijana wachache na kuwawekea mezani nyaraka za kale. Kazi ilikuwa moja: nani aliandika hii, lini, na kwa nini tumwamini? Vijana walibishana, naye akiwasikiliza na kuwasahihisha. Katika mji mdogo wa Giessen, Justus von Liebig alipewa kazi ya ualimu mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 21 tu, umri wa wengi wetu tunaosoma gazeti hili. Mahali pengi siku hizo kemia ilikuwa ya kutazama: profesa anaonyesha, wanafunzi wanakodoa macho. Liebig akawaweka wanafunzi wenyewe mezani, kila mmoja na chupa zake na swali lake, akapita kati yao siku baada ya siku. Vijana wakamiminika kutoka Uingereza na Marekani. Likumbuke jina hilo la Giessen, maana tutalirudia.

Utaona basi kwamba hapakuwa na miujiza. Palikuwa na meza, swali, wenzako wa kukupinga, na mkubwa anayepita kuuliza, "Umefika wapi?" Mambo manne. Kwa miaka mia mbili sasa kila mpango wa maana wa kuwalea watafiti umekuwa ukiyarudia hayo manne na kuongeza la tano, nalo ni chakula.

DOLA 500

La tano hilo lilishughulikiwa vizuri na Wamarekani. Chuo cha Yale kilitoa shahada za kwanza za udaktari wa namna hii nchini Marekani mwaka 1861. Lakini Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kilichofunguliwa Baltimore mwaka 1876, ndicho kilichofanya jambo lililowashangaza watu: kiliteua vijana 20 na kumpa kila mmoja dola 500 kwa mwaka, ili wakae wasome na kutafiti. Hawakulipwa kufagia, wala kufundisha watoto wa matajiri. Walilipwa kuzama.

Sasa tazama kamba inavyoweza kukatwa. W.E.B. Du Bois, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1868, alikuwa mwanafunzi wa Harvard na alitaka kwenda Berlin kwenye chimbuko lenyewe. Palikuwa na mfuko mmoja wa fedha, Mfuko wa Slater, uliokusudiwa kuwasomesha watu weusi. Mwaka 1890 msimamizi wake, rais mstaafu Rutherford Hayes, alinukuliwa akisema kwamba hawakuwa wamempata mtu mweusi wa kufaa kupelekwa Ulaya. Du Bois akaandika barua. Akajibiwa vibaya, akaandika nyingine. Hakukoma. Mwishowe, mwaka 1892, walimpa fedha, nusu msaada nusu mkopo, akavuka bahari.

Berlin ilimpokea vizuri. Alikaa semina na wakubwa wa uchumi na historia, akafanya kazi yake. Lakini kanuni za chuo zilidai mihula zaidi ya ile aliyokuwa ameikaa, na mwaka 1894 Mfuko ukakataa kumwongezea muda. Basi, yakaisha. Akafunga mizigo akarudi kwao bila shahada ya Berlin. Mwaka uliofuata, 1895, Harvard ikampa udaktari, akiwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuupata hapo, kwa tasnifu juu ya kukomeshwa kwa biashara ya watumwa kutoka Afrika kwenda Marekani. Mwaka 1896 tasnifu hiyo ikatoka kuwa kitabu. Lulu tunayo. Lakini ile kamba iliyokatwa Berlin haikukatwa kwa sababu mzamivu alikuwa mvivu au mjinga. Ilikatwa na watu waliokaa mezani mbali, wakapiga kura, wakaenda kula.

KUVUKA BAHARI

Tuje kwetu. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1949 ikawa chuo kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Kijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika au Zanzibar aliyetaka kuzama hasa katika miaka hiyo alipaswa kuvuka bahari. Kamba ilikuwa huko, na aliyeishika alikuwa mgeni. Wakati mwingine mgeni mwema, wakati mwingine la.

Bethwell Ogot, mwana wa Gem huko Nyanza, alikwenda London akitaka kuandika historia ya Waluo. Tatizo? Nyaraka hakuna. Historia imo vinywani mwa wazee. Na siku hizo walikuwapo wasomi wengi walioamini kwamba pasipo na karatasi hapana historia. Roland Oliver, mmoja wa waanzilishi wa somo la historia ya Afrika pale London, alikubali kumsimamia. Ogot akapata udaktari mwaka 1965, na kitabu chake juu ya Waluo wa Kusini kikatoka Nairobi mwaka 1967. Mlango huo ulipofunguka, wengine wakapita. Isaria Kimambo alizikusanya habari za Wapare kutoka kwa wazee wao, akapata udaktari Marekani, katika Chuo Kikuu cha Northwestern, mwaka 1967, akarudi kufundisha Dar es Salaam. Kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Wazee wa Upare hawakuvaa joho siku ile, lakini nao waliishika kamba. Bila wao mzamivu angeibuka na mchanga mtupu.

Okot p'Bitek hakubahatika hivyo. Huyu alifika Uingereza mwaka 1956 na timu ya kandanda ya taifa ya Uganda, timu iliyocheza miguu mitupu. Wenzake waliporudi, yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Huko Oxford, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye kitabuni, walimu walikuwa wakiwaita watu kama wazazi wake washenzi na watu wa kale. Akanyanyua mkono kupinga. Hawakumsikiliza. Alitoka na shahada moja ya utafiti mwaka 1963, lakini tasnifu yake ya udaktari Oxford iliikataa. Yeye hakungoja ruhusa. Mwaka 1966 utenzi wake mkubwa wa Lawino ulikwisha kutoka, ukasomwa Afrika nzima, na mwaka 1971 kitabu chake juu ya dini ya Waluo wa Kati kikachapishwa Nairobi.

Wapo kati yetu watakaosema, "Unaona? Udaktari wa nini, Okot aliwashinda bila hicho cheo." Polepole, jamaa. Okot alikuwa Okot. Kwa kila Okot mmoja aliyeibuka mwenyewe, wangapi walibaki chini na majina yao hatutayajua kamwe? Mtu hasifu bahari kwa sababu mwogeleaji mmoja aliokoka.

Nami napenda kuwakumbusha wenzangu wa daraja la nne na sifuri habari za Ali Mazrui wa Mombasa. Mtihani wa Cambridge wa sekondari ulimpa daraja la tatu. Makerere haikumchukua. Akawa karani katika chuo cha Waislamu pale Mombasa. Kisha akapata ufadhili wa serikali ya kikoloni, akaenda Uingereza mwaka 1955 kuanza tena masomo ya sekondari katika mji wa Huddersfield. Miaka 5 baadaye alikuwa na shahada ya Manchester, mwaka 1961 ya Columbia huko New York, na mwaka 1966 akawa daktari wa Oxford. Na ile Makerere iliyomkataa ikampa uprofesa! Akili yake ilikuwa ile ile aliyokuwa nayo akipiga chapa barua za ofisi. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliteremsha kamba.

BINTI WA IHITHE

Wangari Maathai wengi tunamjua kwa miti na kwa Tuzo ya Amani ya Nobeli ya mwaka 2004. Wachache wanajua kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mtu wa hadubini, na kwamba mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu.

Alizaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa vijana waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani. Akapata shahada ya kwanza Kansas mwaka 1964 na ya pili Pittsburgh, katika biolojia. Akarudi Nairobi mwaka 1966 akiwa na barua ya ajira mkononi: msaidizi wa utafiti wa profesa wa zoolojia. Alipofika akaambiwa kazi imekwisha kupewa mtu mwingine. Barua anayo, sahihi ipo, lakini nafasi hakuna. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliona hapo mkono wa ukabila na wa kubaguliwa kwa sababu ni mwanamke.

Hapo ndipo tunaporudi Giessen. Chuo kile cha Liebig, ambacho siku hizi kinaitwa kwa jina lake, kilikuwa kikisaidia kuanzisha idara ya anatomia ya mifugo Nairobi. Profesa Reinhold Hofmann kutoka Giessen ndiye aliyekuwa akiiendesha. Akamchukua Wangari kuwa msaidizi wake. Kisha akamhimiza asiishie hapo, na mwaka 1967 Wangari akaenda Ujerumani, akafanya utafiti Giessen na Munich. Mwaka 1969 akarudi Nairobi kumalizia tasnifu yake huku akifundisha. Mwaka huo huo akaolewa. Akazaa, akanyonyesha, akaandika. Tasnifu ilihusu jinsi viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyoumbika tangu tumboni. Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichokuwa kimepata hadhi hiyo mwaka 1970, kikamtunuku.

Hebu tuhesabu vitu vilivyomshika. Msimamizi aliyemwona kuwa mtafiti, si mwanamke aliyepotea njia. Idara yenye vifaa. Fedha za kwenda na kurudi. Mshahara wa kazi ya kufundisha alipokuwa akiandika. Chuo cha nyumbani kilichokubali kuitoa shahada hiyo hapa hapa. Ondoa kimoja tu kati ya hivyo, na pengine tungekuwa na mwalimu mmoja zaidi wa sayansi huko Nyeri, mtu mzuri tu, ambaye hakuna mtu angejua angeweza kufika wapi.

Naye hakusahau. Alipokuwa mwalimu chuoni alipigania wanawake walioajiriwa hapo wapate haki sawa na wanaume, nyumba na marupurupu mengine. Alijua kwamba anayeshika kamba naye anahitaji pa kusimama.

MLIMANI

Dar es Salaam chuo kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja tu cha sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kisha mwaka 1964 kikahamia kule kilimani ambako hata makonda wanakuita Mlimani. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanyika, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kila kimoja kikajitegemea. Tangu hapo kamba ingeweza kusokotwa nyumbani.

Na ilisokotwa, tena na watu tunaowasoma kila siku. Penina Muhando, yule wa tamthilia ya Hatia, alipata udaktari wake Dar es Salaam mwaka 1983, akiandika juu ya sanaa za maonyesho za Wakaguru. M.M. Mulokozi aliupata hapo hapo mwaka 1986 kwa tasnifu juu ya tendi za nanga za Wahaya. Euphrase Kezilahabi, yule wa Rosa Mistika, aliupata Marekani, Wisconsin, mwaka 1985. Tazama jambo hili vizuri, wewe unayesema uandishi na usomi havipikwi chungu kimoja. Mwandishi wa tamthilia, mshairi na mwandishi wa riwaya, wote watatu walizama.

Lakini tazama pia miaka yenyewe. Ilikuwa miaka ya shida. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, fedha za kigeni hazikuonekana, sabuni ilikuwa ya foleni. Majarida ya kitaaluma kutoka nje yakaacha kufika maktabani. Mishahara ya wahadhiri ikaliwa na mfumuko wa bei, na profesa akajikuta anafuga kuku ili watoto wale. Mwalimu aliyechoka namna hiyo atazisoma saa ngapi kurasa 300 za mwanafunzi? Simlaumu. Nasema tu kwamba kamba hulegea mahali ambapo hakuna anayeona. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akisubiri bumu lake, wapo wenzake elfu wanaosubiri naye, na wakigoma wanagoma wengi. Akidisko, mtaa mzima utajua. Wa uzamivu yuko peke yake. Hawezi kugoma mtu mmoja. Haanguki kwa kishindo, anafifia tu. Mwaka wa nne, wa sita, wa nane, ukimuuliza anakwambia, "Bado naandika." Halafu siku moja unaacha kumuuliza.

Kuna jingine. Tasnifu hizo za miaka ya themanini juu ya ngoma za Wakaguru na nanga za Wahaya ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu alizama katika maji ya kwao akaibuka akisema lugha ya mbali. Leo zipo tasnifu za uzamivu zilizoandikwa kwa Kiswahili, Tanzania na Kenya. Wapo wanaozicheka. Mimi naona kamba mpya, fupi bado, lakini ya katani yetu.

KAMBA NYINGI, NA DENI LAKE

Kutokana na shida hizo watu walianza kufikiri upya. Kumtegemea msimamizi mmoja ni kuning'inia kwenye uzi mmoja. Akihama, akifa, akichukia, umekwisha. Kwa hiyo ikaja mipango ya kushika kamba kwa pamoja.

Uswidi ilianzisha shirika lake la kusaidia utafiti katika nchi zinazoendelea mwaka 1975, na kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa mmoja wa wabia wake. Mtindo wao ulikuwa nusu huku nusu kule: mwanafunzi anaandikishwa nyumbani, anakwenda Uswidi miezi kadhaa kutumia maabara na maktaba, anarudi, anakwenda tena. Ana wasimamizi wawili, mmoja kila upande. Hivyo mtu hakung'olewa kwao akapotelea huko.

Wachumi wao walianzisha umoja wao wa utafiti Nairobi mwaka 1988, unaojulikana kwa herufi AERC. Mwaka 2002 ukazinduliwa mpango wa udaktari wa vyuo kadhaa kwa pamoja, Dar es Salaam kikiwa kimojawapo. Wanafunzi wa nchi mbalimbali hukutanishwa kwa baadhi ya masomo, kwa hiyo chuo chenye walimu watatu hufaidi walimu wa Afrika nzima. Mwaka 2008 ukaja mpango wa CARTA, unaoongozwa na kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Huu huwachukua wahadhiri vijana, katika mambo ya afya ya jamii, na kuwapitisha katika semina nne za pamoja tangu wanapobuni swali mpaka wanapomaliza kuandika. Wanasomeana kazi. Wanafunzwa kutafuta vitabu, kuchambua takwimu, kuandika makala. Na Makerere, taasisi ya utafiti wa jamii chini ya Mahmood Mamdani ilianza mwaka 2012 mpango wa miaka 5 ambao miaka miwili ya mwanzo ni ya kusoma darasani na kujadiliana, kabla ya mtu kuachwa azame.

Meza, swali, wenzako, mkubwa anayeuliza umefika wapi, na chakula. Unaona? Ni yale yale ya Berlin na Giessen na Baltimore.

Ila lazima tuseme na upande wa pili. Wale wazamivu wa Ghuba wengi waliishi na madeni. Nahodha aliwapa tangulizi ya chakula cha familia, na lulu zikilipa deni la mwaka huu, la mwaka ujao lilikwisha kuanza. Aliyekupa kamba ndiye aliyechagua uzame wapi. Mwaka 2011 Mamdani alilalamika kwamba utafiti wa vyuo vyetu umegeuka kazi ya kutumwa: mteja wa nje anakuja na swali lake, msomi wetu anakusanya majibu. Dawa yake ilikuwa kuwalea watafiti wa udaktari nyumbani, wajifunze kutunga maswali yao. Naye alikuwa na hoja. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, watafiti wengi wa Afrika walikuta miradi yao imesimama ghafla. Du Bois angeitambua barua ya namna hiyo. Miaka 131 ilikuwa imepita tangu yake.

Kwa hiyo swali si kama tunahitaji kamba. Swali ni nani anaishika, na kama siku moja tutaishika wenyewe, kwa kodi zetu, kwa maktaba zetu, kwa muda wa walimu wetu unaolipwa kihalali ili wasome kurasa za vijana badala ya kufuga kuku.

UKURASA WA SHUKRANI

Ukipata nafasi ya kuingia maktaba yoyote yenye tasnifu, usianze na sura ya kwanza. Fungua ukurasa wa shukrani. Zile za zamani zina majina ya ajabu, watu ambao hawatajwi mahali pengine popote: mpiga chapa aliyerudia sura nzima kwa mashine ya taipu, dereva wa gari la kijiji, bibi aliyempikia mtafiti wakati wa mvua, mke au mume aliyelea watoto peke yake, mwenzake wa chumba aliyesoma rasimu usiku. Hapo ndipo ilipojificha ile ijaza ya pwani yenye orodha ya majina. Mwanahistoria wa kesho akitaka kujua wasomi wetu walitoka wapi, na aanzie hapo.

Sisi wa vijiweni tusiokuwa na msimamizi wala bumu tunaweza kuanza leo. Tukae wanne watano, kila mmoja na kurasa zake 10, tusomeane bila kusifiana ovyo, na wiki ijayo tuulizane, "Umefika wapi?" Anayeuliza hivyo kila wiki, bila kuchoka, hata kama yeye mwenyewe hajaandika mstari, kamba anayo mkononi. Na kama mtaani kwako yupo yule anayejibu "bado naandika" tangu mwaka juzi, usimcheke. Muulize sura ya ngapi. Kisha mwambie akusomee.